Kisigino cha Mtoto na Wiki Zilizopotea

Mheshimiwa mgeni rasmi, madaktari, wakunga wenzangu, mafundi wa maabara, wanafunzi wetu wa uuguzi, na kina mama mliokuja na watoto wenu: Assalaam alaykum, na habari za asubuhi.

Leo ni tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani. Nimeombwa nizungumzie kipimo cha damu ya kisigino na namna kinavyoweza kutuambia mtoto amezaliwa na wiki ngapi. Kwa kawaida jambo hili huelezwa na watu wa maabara. Mimi ni mkunga hapa Pemba, kwa hiyo nitalieleza kutokea wodini, na nitaanza na mtoto mmoja.

Alizaliwa usiku, Mfungo Mosi, siku kama kumi na mbili baada ya Idi. Gramu 2,050. Mama yake alikuwa na miaka kumi na tisa, uzazi wa kwanza. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na hudhurio moja tu, na pale pa kuandika hedhi ya mwisho palikuwa patupu. Nikamuuliza, "Mwanangu, mimba yako ina miezi mingapi?" Akanijibu, "Nimetimiza, mama." Nikamtazama mtoto: mdogo, lakini analia. Nilikuwa na wengine wawili wenye uchungu wananingoja. Nikaandika wiki 38, uzito mdogo, nikageukia kitanda cha pili.

Kabla ya alfajiri mtoto akaanza kuguna, mbavu zikawa zinaingia ndani. Tukamtia oksijeni, akakaa nayo siku tisa. Kwa kuwa kadi ilisema 38, kila aliyemwangalia alitafuta ugonjwa wa mtoto aliyetimiza: nimonia, maambukizi, maji ya uzazi aliyoyavuta kifuani. Akapona. Siku ya kuruhusiwa mama yake alituletea halua, nasi tukaila kwa furaha.

Akarudi mtoto akiwa na miezi sita. "Mama, mwanangu hanitazami." Nilikamata ncha ya kanga yangu nikaipitisha mbele ya uso wake, taratibu, kulia na kushoto. Macho hayakuifuata. Nilipotikisa bangili, akageuza shingo. Daktari wa macho alituambia kwamba mishipa midogo ya nyuma ya jicho ilikua vibaya, retina ikabanduka, na wakati wa kuizuia ulikuwa umeshapita. Ni maradhi ya watoto njiti, na oksijeni nyingi isiyopimwa ni moja ya sababu zake kubwa.

Njiti? Kadi inasema 38.

Tukakaa na yule mama kwenye benchi, tukahesabu upya, safari hii bila haraka. Hakuijua tarehe yoyote, lakini alijua mambo mawili. Mumewe ni mvuvi, na alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi ya mbali. Alirudi mwanzo wa Mfungo Sita, siku chache kabla ya Maulidi, na kabla ya hapo hakuwapo kwa muda mrefu. Basi, tangu mwanzo wa Mfungo Sita mpaka siku kumi na mbili za Mfungo Mosi ni miezi saba ya mwandamo na siku kama kumi: siku 217. Gawanya kwa saba, unapata wiki 31. Ongeza zile wiki mbili za hesabu ya kikunga, kwa sababu sisi huanza kuhesabu kwenye hedhi ya mwisho na sio kwenye kushika mimba. Ni 33. Mkono wangu ulikuwa umeongeza wiki tano.

Nataka mwone hasara ya wiki tano hizo ilikuwa wapi. Kanuni inayotumika India, kwa mfano, ni kukagua macho ya kila mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,000 au kabla ya wiki 34, na kumkagua kabla hajatimiza siku 30. Mtoto wetu alikuwa na gramu 2,050. Kwa uzito asingenaswa. Kwa wiki angenaswa, lau wiki zake zingejulikana wakati wowote ndani ya mwezi wa kwanza. Naomba hilo la mwezi wa kwanza mlishike, nitalirudia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya kutimiza wiki 37. Kuzaliwa kabla ya wakati na matatizo yake ndiyo sababu inayoongoza ya vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano duniani. Kwa mkunga, lakini, kuna swali linalotangulia takwimu hizo: njiti tunamjuaje? Mtoto wa kilo moja kila mtu anamjua. Anayetuponyoka ni yule wa kilo mbili. Anaweza kuwa wa wiki 33 aliyekua vizuri, na anaweza kuwa wa wiki 38 aliyenyimwa chakula tumboni kwa sababu kondo lilidhoofika, au mama alikuwa na malaria, au presha. Ukiwalaza kitanda kimoja huwatofautishi kwa mizani. Wa kwanza mapafu yake hayajakomaa, anaweza kusahau kupumua usingizini, na manjano inampanda ubongoni kwa kiwango ambacho kwa mwenzake tungekivumilia. Wa pili anatishwa zaidi na kushuka kwa sukari na baridi, na ukuaji wake tunaufuatilia kwa njia nyingine. Hata chati ya manjano tunayobandika ukutani haisomeki bila wiki.

Wiki hizo zina mahali pengine pia. Tanzania Bara, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea likizo mama aliyejifungua njiti. Ni jambo jema sana, na sasa idadi ya wiki kwenye kadi inagusa hata siku za mama kukaa na mwanawe.

Namna bora ya kuzijua ni ultrasaundi ya mapema, na Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2016 kila mjamzito apate angalau moja kabla ya wiki 24. Mapema mimba zote hukua karibu kwa kasi moja, kwa hiyo kipimo cha mtoto ni kipimo cha siku zake. Kadiri mimba inavyokua, wakubwa na wadogo wanaachana, na ultrasaundi ya mwezi wa nane haiwezi kukuambia kama mtoto ni mchanga, yaani hajatimiza wiki zake, au ni mdogo tu. Sasa niambieni, kina mama wangapi wanakuja kliniki kabla ya mimba kuonekana? Mimba changa kwetu haitangazwi. Inafichwa, kwa heshima na kwa kuogopa husuda, na mimi siwalaumu wanaoificha.

Bila ultrasaundi tunarudi kwenye hedhi ya mwisho. Wanawake wa hapa wana kumbukumbu kali kuliko sisi tunaoandika, ila kumbukumbu yao haikai kwenye kalenda ya ukutani. "Karafuu zilikuwa juani." "Ilikuwa baada ya Idi kubwa." "Masika yalikuwa hayajaanza." Miezi tisa ya mwandamo ni siku 266 hivi, ya kalenda ya ofisini ni 274, na mimba kamili tunaihesabu siku 280 toka hedhi ya mwisho. Mama na mkunga wanaweza wote wawili kusema "miezi tisa" na wasiwe wanasema kitu kimoja. Kwa hiyo anaposema ametimiza, muulize tena: umehesabu kwa mwezi gani?

Kisha kuna tepu ya kupimia kimo cha tumbo, na baada ya kuzaliwa kuna alama za Ballard, zilizoanza kutumika mwaka 1979: mikunjo ya nyayo, ugumu wa sikio, chuchu, namna mkono unavyojikunja. Nazipenda, na wanafunzi wangu nawafundisha. Lakini zinataka mkono uliozoea na dakika za utulivu, wakunga wawili hawatoi jibu moja, na kwa mtoto aliyedhoofika tumboni zinayumba. Usiku ule mimi sikuzifanya kabisa.

Sasa kisigino.

Hadithi yake ilianzia Buffalo, jimbo la New York, miaka ya mwanzo ya 1960. Robert Guthrie alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria, na alikuwa na mtoto wa kiume mwenye ulemavu wa akili. Mtoto wa dada wa mkewe naye alikuwa na ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria: mwili haukuweza kuichakata asidi amino moja iliyomo kwenye maziwa na nyama, ikarundikana ikaharibu ubongo. Ukijulikana katika siku za mwanzo, mtoto analishwa chakula maalumu na akili yake inasalimika. Guthrie alibuni kipimo kinachotaka matone machache tu ya damu ya kisigino, yaliyodondoshwa kwenye karatasi nene ya kuchujia na kukaushwa. Damu ikikauka kwenye karatasi haimwagiki, haivunjiki, inasafiri kwa bahasha ya posta. Massachusetts ikawa jimbo la kwanza kukilazimisha kipimo hicho kwa sheria, mwaka 1963. Leo nchi nyingi tajiri humtoboa kisigino kila mtoto, kwa kawaida akiwa na siku moja hadi tatu.

Miaka ya 1990 ikaja mashine ya kutenganisha na kupima molekuli kwa uzito wake, masi spektromita, na tone moja likaanza kutoa majibu kwa makumi: asidi amino, na asilikanitini, ambazo ndizo hubeba mafuta kuyapeleka yanakochomwa ndani ya seli. Ukiongeza homoni chache na aina za hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, una picha ya umetaboli mzima wa mtoto, yaani jinsi mwili wake unavyopokea chakula, unavyokivunja na unavyokitumia.

Na hapa ndipo penye sehemu inayonifurahisha. Mafundi wa maabara zile walikuwa na kero ya siku nyingi. Watoto njiti walikuwa wanawavurugia vipimo. Homoni moja ya tezi za juu ya figo, ambayo ikipanda huashiria ugonjwa wa kurithi, kwa njiti hupanda tu bila ugonjwa. Asidi amino iitwayo tairosini hupanda kwa sababu ini halijapata vimeng'enya vya kuivunja. Familia zinaitwa kwa hofu, mtoto anarudiwa kupimwa, kumbe mzima. Basi pakatokea waliouliza: kama uchanga unavuruga majibu kwa namna ileile kila mara, je, hatuwezi kuyasoma majibu kinyumenyume, tukaujua uchanga wenyewe? Mwaka 2016 makundi matatu, la Ontario nchini Kanada, la Iowa na la California nchini Marekani, yalichapisha majibu yao, kila moja kwa njia yake. Walichukua kumbukumbu za kadi za watoto wengi ambao wiki zao zilijulikana, wakaifundisha kompyuta uhusiano kati ya damu na wiki. Ilipopewa mtoto mpya, kwa walio wengi ilitaja wiki zake kwa kukosea wiki moja au mbili.

Dalili iliyo na nguvu kuliko nyingi ni hemoglobini. Mtoto akiwa tumboni ana hemoglobini yake maalumu, yenye uwezo wa kuvuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Anapokaribia kutimiza, hemoglobini ya utu uzima inaanza kuingia, kidogo kidogo, na mabadiliko hayo yanafuata zaidi umri wa mimba kuliko siku ya kuzaliwa. Nyinyi ni watu wa karafuu, mtanielewa. Mtu akikuta karafuu jamvini haitaji kumuuliza mwenyewe zimeanikwa lini. Anaiona rangi, anavunja kikonyo kimoja, anajua hizi ni za jana na zile ni za siku nne. Hata mwenyewe akisahau, karafuu haikusahau. Damu nayo ni hivyo, ila macho yetu hayatoshi kuisoma.

Lakini damu ya watoto wa Ontario na Iowa ni kitu kimoja, na damu ya watoto wetu ni kingine. Hapa kuna malaria ya mimba, kuna upungufu wa damu, na kuna watu wengi waliobeba chembe moja ya kurithi ya ugonjwa wa selimundu, na mwenye chembe hiyo hemoglobini yake haipimiki kwa uwiano uleule. Kwa hiyo ilibidi ijaribiwe kwenye nchi zetu. Na hili wengi mliokaa hapa hamkuambiwa: moja ya sehemu ilikojaribiwa ni hapahapa Pemba.

Kulikuwa na utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika sehemu tatu: Sylhet kule Bangladesh, Karachi kule Pakistan, na Pemba, kwa upande wetu ukifanyika na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, Chake Chake. Sehemu zote tatu kwa pamoja ziliandikisha wanawake wapatao 10,000. Mimba zao zilipimwa mapema kwa ultrasaundi, kwa hiyo wiki zao zilijulikana kwa hakika. Baadhi ya watoto walipozaliwa wakatobolewa visigino, karatasi zikakaushwa, zikapelekwa Iowa kusomwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na yalionyesha kwamba njia hii inafanya kazi kwa watoto wa Afrika na Asia ya Kusini, hasa hesabu ikitengenezwa upya kwa kutumia damu zao wenyewe. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo mengine kutoka Busia, Uganda, kwa watoto ambao mama zao walikuwa kwenye utafiti wa kuzuia malaria ya mimba, nayo yakaunga mkono.

Basi kuna kina mama wa Pemba, huenda wengine wamo humu ukumbini, ambao watoto wao walitoa tone hilo, na tone hilo likasaidia kuthibitisha jambo la dunia nzima. Wamelipata wapi jibu lake? Nasema kwa heshima kwa watafiti, ambao kazi yao naisifu: sayansi iliyoondoka hapa na bahasha inatakiwa irudi hapa na mashine. Mpaka leo mimi wodini kwangu natumia tepu.

Sitaki mtoke hapa mkiamini kisigino ni muujiza. Wanafunzi, andikeni haya.

Kwanza, uzito wa kuzaliwa na jinsia peke yake vinakupa sehemu kubwa ya jibu bila damu yoyote. Damu inaonyesha faida yake kwa yule mdogo aliyetimiza, ambaye uzito unamdanganya kila mtu. Na hata kwake hesabu inapunguza makosa, haiyafuti: mtoto aliyedhoofika tumboni bado huelekea kuhesabiwa mchanga kuliko alivyo.

Pili, wakati. Damu inatakiwa ichukuliwe saa 24 mpaka 72 baada ya kuzaliwa. Kabla ya hapo bado umetaboli wa mama umo ndani yake. Damu ya kitovu ni rahisi kuipata, lakini hesabu yake haina usahihi wa ile ya kisigino. Sasa, mama zetu wengi huondoka kituoni siku ileile, na wapo wanaozalia nyumbani. Mtoto aliyeongezewa damu ameshachanganywa hemoglobini na ya mtu mzima, na aliyelishwa kwa mshipa asidi amino zake zimeshabadilika. Kwa hao jibu haliaminiki.

Tatu, hakuna kisigino kinachoweza kumsaidia mtoto ambaye bado yumo tumboni. Mnaijua sindano ya kukomaza mapafu anayochomwa mama mwenye uchungu wa mapema. Utafiti mmoja katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, uliotoka mwaka 2015, ulihimiza sindano hiyo mpaka vijijini, ambako wiki zilikisiwa, na vifo vya watoto kwa jumla vikaongezeka. Mwingine wa mwaka 2020, Kenya ikiwamo tena, uliitoa hospitalini kwa wanawake waliopimwa kwa ultrasaundi, na vifo vikapungua. Zipo tofauti nyingine kati ya tafiti hizo mbili, lakini wiki zilizokisiwa zimo miongoni mwa sababu. Kwa hiyo kila shilingi inayoweza kuleta ultrasaundi na mtu wa kuisoma, iende huko kwanza. Nitakuwa mtu wa kwanza kupinga kisigino kikitumiwa kama kisingizio cha kutomnunulia mjamzito ultrasaundi.

Nne, jibu linachelewa. Karatasi ikauke, isafiri, isomwe, jibu lirudi. Kwa mpango mzuri ni siku kadhaa, na kwa barabara na vivuko vyetu huenda ni wiki mbili au tatu. Mtoto anayeguna alfajiri hawezi kungoja. Yeye wiki zake utazikisia kwa mikono yako na utamhudumia kama njiti mpaka ithibitike vinginevyo. Utamweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara moja. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliotoka mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waliobebwa hivyo tangu mwanzo, bila kungoja watulie, vifo vyao vilipungua kwa robo. Kifua cha mama hakingoji maabara.

Lakini rudini sasa kwenye mwezi wa kwanza niliowaomba mlishike. Jibu la wiki tatu linachelewa kwa pumzi. Kwa macho halijachelewa. Mtoto wangu wa gramu 2,050, lau siku ya 21 ingekuja karatasi kutoka maabara inayosema "huyu anakaribia 33, si 38", ningempigia mama yake simu. Angeletwa akiwa na siku 25, macho yangekaguliwa, na kama mishipa ilikuwa imeanza kupotoka, kuna mionzi ya leza na kuna dawa. Halichelewi kwa masikio pia, wala kwa kujua mtoto anatarajiwa kukaa lini na kutembea lini, kwa sababu njiti huhesabiwa umri wake toka siku aliyotakiwa kuzaliwa. Halichelewi kwa wilaya inayotaka kujua ina njiti wangapi na inunue mashine ngapi za kusaidia pumzi. Leo tunapopeleka ripoti ya mwezi tunaandika "uzito mdogo" na kuwachanganya humo wachanga na waliodhoofika, kisha tunashangaa kwa nini mipango haitufai.

Wapo wanaokwenda mbele zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wamezitumia kadi za California kutafuta, miongoni mwa njiti wenyewe, yupi yumo katika hatari zaidi ya ugonjwa sugu wa mapafu, ya damu kuvuja ubongoni, ya utumbo kuoza, na ya macho. Njiti wawili wa wiki moja hawana damu moja, na tofauti hiyo huenda ikatuambia nani akae wodini siku nyingi zaidi. Kwetu hilo ni la kesho.

La leo ni kwamba karatasi hii sisi tunaijua. Mtoto wa mama mwenye virusi vya Ukimwi tunamtoboa kisigino, tunadondosha damu kwenye karatasi hiihii, na bahasha inakwenda maabara kwa njia iliyokwisha zoeleka. Uganda waliyachukua mabaki ya karatasi hizo za mwaka 2014 na 2015, karibu 97,000, wakazipima selimundu, na nchi ikapata ramani ya ugonjwa huo wilaya kwa wilaya bila kumtoboa mtoto mwingine hata mmoja. Mkono upo, bahasha ipo, njia ipo. Kinachokosekana ni mashine, kemikali zake, umeme usiokatika, na watu wawili watatu waliosomeshwa kuiendesha na kulipwa vizuri wasiondoke. Ni ghali, sikatai. Lakini mashine hiyohiyo ingetupimia na magonjwa ya kurithi ambayo leo yanaua watoto wetu bila kupewa jina.

Na ruhusa. Damu iliyokauka inakaa miaka, na ndani yake mna nasaba ya mtu. Texas walizihifadhi karatasi za watoto bila kuwauliza wazazi, wazazi wakaenda mahakamani mwaka 2009, na karatasi zaidi ya milioni 5 zikateketezwa. Zile zingeweza kutumika kwa mengi. Mama aulizwe, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla mtoto hajalia: tunachukua nini, itapimwa nini, itakaa wapi, nani ataiona. Akikataa, asinuniwe.

Yule mtoto sasa anasoma chuo cha Kurani, na anahifadhi haraka kuliko wenzake. Mama yake tunasalimiana vizuri. Nilimwambia ukweli kuhusu ile 38, nikiwa nimekaa naye kwenye benchi lile. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: "Na aliyezaliwa jana usiku, mmemuandika ngapi?"

Mheshimiwa mgeni rasmi, ninayoomba ni haya. Hesabu iliyotengenezwa kwa damu ya Pemba ianze kutumika Pemba, hata kama ni kwa hospitali moja na kwa watoto wa kati ya kilo 1.5 na 2.5 tu, ambao ndio wanaotuchanganya. Kila wodi ya wazazi iwe na kipimo cha oksijeni ya damu, ili asiwepo anayepewa oksijeni kwa kukisiwa. Na kwenye kadi, pale pa wiki, pawe na nafasi ya kuandika tumezijuaje: kwa ultrasaundi, kwa hedhi, kwa alama za mwili, au kwa kukisia. Hilo la mwisho halina gharama. Lau usiku ule ningelazimika kuandika "kwa kukisia" mbele ya ile 38, daktari wa asubuhi asingeiamini.

Wanafunzi, kwenye meza ya nyuma kuna karatasi, vitoboleo na wanasesere. Njooni wanne wanne. Kisigino kipashwe joto kwanza kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Toboa pembeni, kamwe usitoboe katikati, pana mfupa. Tone la kwanza lifute. La pili liache lijae lenyewe, usilikamue, kisha karatasi iliguse mara moja na duara lijae mpaka upande wa pili. Ilaze mahali penye kivuli na hewa, isiyopungua saa tatu, ndipo uifunge na kifuko cha kunyonya unyevu, maana unyevu wa kisiwa hiki mnaujua. Na kabla ya yote hayo, vua saa, kaa chini, muulize mama anahesabu kwa mwezi gani.